Pikipiki Iliyomjua Mtu Mmoja

Mume wangu alikuwa fundi wa chukudu. Kwa asiyezijua, chukudu ni kile chombo chetu cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kinachoshuka mlimani kimejaa makaa au viazi, mwenyewe amekipanda kwa goti moja, na kinachopandishwa kwa kusukumwa mpaka mishipa ya shingo inasimama. Alianza kuzichonga ujanani kwao Lubero. Alipokuja kunioa Butembo alikuja na shoka, tindo, na imani kwamba kitu chochote kinachobingirika anaweza kukitoa mikononi mwake. Shoka na tindo sikugombana navyo. Ile imani ndiyo niliyoishi nayo nyumba moja kama mama mkwe asiyehama.

Tulikaa Bulengera, kule juu, mahali ambapo mvua ikinyesha barabara inageuka sabuni. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji: unashuka mpaka kwenye daraja, halafu unapanda tena. Kwa mtu mzima mwenye afya ni mwendo tu. Lakini mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikuwa na ugonjwa wa damu, ule ambao hospitalini wanauita SS. Wenye mtoto wa namna hiyo watanielewa bila maneno mengi. Leo anaruka kamba na wenzake, kesho mifupa inamuuma mpaka hataki shuka limguse, macho yanakuwa manjano, viganja vinakuwa vyeupe. Hapo kazi yako ni moja, kumfikisha kwenye damu ya mtu mwingine kabla ya yake kuisha. Tulishamkimbiza mara nyingi, na mara zote kwa kipoyi.

Kipoyi ni machela ya miti miwili na blanketi, na wabebaji wake ni wanaume wa mtaa. Kila nyumba inatoa mtu. Hakuna anayelipwa na hakuna anayekataa, maana anayekataa leo anajua kesho mama yake atakosa mabega. Wanaume wanapokezana njiani, wanaimba ili washike hatua moja, na watu barabarani wanasogea pembeni kuwapisha. Mimi nilizaliwa nikakuta mambo yako hivyo, nikadhani yatakuwa hivyo siku zote.

Vita viliharibu hata hicho. Askari waliokuwa wameshika mji siku hizo (leo hawa, kesho wale, sisi tulishaacha kuuliza) walikuwa wanatafuta wanaume wa kuwabebea risasi na magunia mpaka porini. Sasa kundi la wanaume wenye nguvu, wamekwisha kujipanga, wameshika hatua moja, wangelipata wapi jingine? Siku moja walisimamisha kipoyi cha bibi mmoja wa mtaa wetu, wakamshusha bibi kwenye majani kando ya barabara, wakaondoka na wabebaji wote. Kipoyi chenyewe wakakichukua pia. Tangu hapo ukiita wabebaji, wanaume wanatokea mlango wa nyuma na kukimbilia mashambani. Wakati ule niliwalaumu sana, tena kwa mdomo, mlango kwa mlango. Sasa siwalaumu tena.

Ndipo mume wangu akasema tunahitaji pikipiki.

Mimi nilikuwa nauza mafuta ya mawese, niliyoyafuata Beni kwa lori na kuyapima kwa chupa sokoni. Kitu cha kumlipa fundi wa pikipiki kilikuwepo. Hilo nataka lijulikane, maana baadaye watu walisema ni umaskini, na haukuwa umaskini. Na fundi alikuwepo, pale barabara kubwa, mwanaume mnene mwenye sauti ndogo, anayepokea vipuri vilivyopita njia za Kamango, mpakani na Uganda, vimefichwa ndani ya magunia ya kahawa. Unamwambia unataka nini, anakuundia: kiti kirefu, kiti kifupi, chuma cha mizigo nyuma. Wafanyabiashara wakubwa wote walipitia kwake.

“Papa,” nilimwambia mume wangu, “kazi ya pikipiki iko na benyewe. Weye njo fundi ya mbao. Tumupatie ule wa barabara kubwa, afanye, biishe.”

“Ule? Kila pikipiki yenye kutoka kwake, basoda banaibeba mbele rangi haiyakauka. Banakaa pale kwake tangu asubuyi, banakunywa chai, banachagua. Utalipa, halafu utabakia kuangalia vumbi.”

Hilo la askari lilikuwa kweli, na liliniudhi zaidi kwa kuwa kweli.

“Sasa yako itakuwa namna gani?”

“Nitafanya yenye basoda hapana weza kuendesha. Mubaya ya sura, moteur ya nguvu. Bataiona, batacheka, batapita.”

“Na sisi?”

“Sisi tutapanda,” akasema, akaenda kunoa tindo.

Mdogo wake, shemeji yangu, alikuwa anaziba matairi ya baiskeli pale njia panda, na ndiye pekee katika ukoo aliyewahi kuendesha pikipiki ya kweli. Yeye alikuwa upande wangu. “Yaya, mais pikipiki hapana chukudu,” alimwambia kaka yake. Mume wangu akamjibu kwamba chukudu zilikuwa zimelisha Butembo nzima kabla ya pikipiki ya kwanza kufika, kwa hiyo apunguze kiburi. Kubishana na fundi wa mbao ni kujichosha bure. Anapima kwa jicho, na jicho halimdanganyi, basi anadhani na mdomo wake haudanganyi.

Chumba chetu cha wageni kikawa gereji. Kile chuma kikuu, kinachoshika pikipiki yote, alikiokota mtaroni kwenye barabara ya Beni, cha pikipiki iliyoungua. Moteur, yaani injini, ilikuja vipande vipande ndani ya magunia ya maharagwe, na kila kipande alikiosha kwa petroli ndani ya sufuria yangu kubwa, ile ya kupikia Noeli. Nililia kwa ajili ya sufuria ile. Mtu anaweza kucheka, lakini nilipewa na mama yangu, na harufu haikutoka tena hata kwa majivu. Kugonga aligonga wakati wa mvua tu. Mvua ikipiga mabati, nyundo haisikiki nje, kwa hiyo nilikuwa naona mawingu yanakusanyika na mume wangu anachangamka, anatafuta vyombo vyake. Butembo mvua haikosekani. Nilipitisha msimu mzima nikiwa na mvua juu na nyundo ndani.

Kiti ndicho kilikuwa roho ya kazi yote. Alitaka mtoto aweze kulala akiwa ameniegemea mimi, bila mifupa yake kugongwa na kila shimo. Akachonga ubao mrefu wa mkaratusi, akauwekea egemeo kwa ajili ya mgongo wangu, na katikati akaubonyeza kidogo ili mtoto asiteleze. Godoro letu la zamani likakatwa, juu yake kikashonwa kitenge changu. Siku alizokuwa mzima, mtoto alipandishwa pale apimwe kwa kamba, akashushwa, baba akachonga kidogo tena, akapandishwa tena. Akazoea, akawa anakula chakula chake amekaa pale. “Mimi njo mukubwa ya pikipiki,” alikuwa anasema. “Papa ni chauffeur tu.” Baba yake, dereva wake, anampigia saluti na nyundo mkononi. Kwa kiti kile sina neno. Hakuna fundi wa kulipwa ambaye angempima mtoto wangu mara zote hizo.

Neno langu ni kwa mengine. Ili askari asiweze kuondoka nayo, aligeuza kila kitu. Gesi, ambayo kwenye pikipiki zote unazungusha mkono kuirudisha nyuma ili uongeze mwendo, yeye aliifanya izunguke kwenda mbele, kwa hiyo anayetaka kupunguza anaongeza. Breki ya mguu akaing'oa, akaweka kipande cha tairi la lori unachokikandamiza kwa kisigino juu ya gurudumu la nyuma, kama kwenye chukudu. Gia akazileta juu, karibu na goti, kwa kijiti cha mbao chenye vipande vilivyoshikana kwa namna ambayo yeye peke yake aliijua. Na pedali ya kuwashia aliitoa kabisa. Ili iwake, unaisukuma mteremkoni, unakimbia nayo, unairukia, unaachia klachi ukiwa bado hujakaa. Watu wa chukudu wanaruka hivyo tangu utoto. Kwake haikuwa kitu.

Yule fundi wa barabara kubwa alisikia habari, akaja kuangalia. Mimi nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliizunguka polepole, akapapasa kiti, akainama akatazama kile kijiti cha gia, akasimama akijipangusa mikono ingawa hakuwa amejichafua.

“Kazi iko muzuri,” akasema kwa ile sauti yake ndogo. “Mais hii inajua mutu moja tu.”

Mume wangu alitembea na maneno hayo siku nzima kama mtu aliyevishwa medali. Jioni nilimuuliza, “Na siku weye hauko?”

“Nitaenda wapi?” akaniuliza, na kwa kweli hakuwa mtu wa kwenda popote.

Mara ya kwanza tuliyoitumia ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Mtoto aliamka analia mgongo. Tulikaa juu ya kiti, mimi nyuma, yeye kifuani pangu, baba yake akaisukuma mteremkoni, akakimbia, akaruka, ikawaka. Nilikuwa nimefumba macho nikisali rozari, na sikuwa nimemaliza fungu moja tulipokuwa tayari mlangoni mwa hospitali. Alipata damu. Siku chache baadaye alirudi amekaa wima juu ya kiti chake akiwapungia watu mkono. Usiku huo nilimwambia mume wangu kwamba nilikosea, kwamba pikipiki yake ni nzuri. Nilisema hivyo kweli. Na mwaka ule hatukuwa na siku nyingine ya furaha kama ile.

Mjini hakuna siri ya kitu chenye kelele. Askari mmoja alipita kwetu, kijana, akaiona uani, akasema anaitaka. Nje barabarani mkubwa wake alikuwa amekaa ndani ya jeep. Mume wangu hakubisha. Akaisukuma, akaiwasha, akashuka, akampa kwa heshima zote. “Kamata, mukubwa.” Yule kijana akapanda. Ilipoanza kwenda kasi akataka kupunguza, akazungusha mkono mbele, nayo ikaruka. Akatafuta breki kwa mguu, hakuna breki. Akapita kwenye ua wa matete wa jirani, akapita kwenye maharagwe yake, akaenda kukaa ndani ya mtaro, maji mpaka kiunoni. Sisi watu wazima tulitazama chini. Mtoto wangu alicheka kwa sauti mpaka akakaa chini. Yeye peke yake angeweza kucheka pale na asipigwe.

Yule mkubwa alishuka kwenye jeep. Yeye pia hakucheka. Aliizunguka pikipiki pale mtaroni kama alivyoizunguka yule fundi.

“Nani alitengeneza hii?”

Mwanaume mwenye akili angesema ilitoka Uganda, ilitoka kwa marehemu, ilitoka popote. Mume wangu alitoa kifua mbele. “Ni mimi, mukubwa. Na mikono yangu hii.”

Askari yule mkubwa akatikisa kichwa, akamwamuru kijana wake apande jeep akiwa amelowa vile vile, wakaondoka. Pikipiki waliiacha. Mtaa mzima ulikuja kumpongeza mume wangu, na mimi nilipika.

Walirudi siku ya soko. Pikipiki hawakuigusa. Walimwambia achukue vyombo vyake vya kazi. Kule Mavivi, upande wa Beni, karibu na uwanja wa ndege, walikuwa na pikipiki nyingi walizonyang'anya watu, zimekufa zote kwa kutojua kuzitunza, na fundi wa barabara kubwa alikwisha kunusa mambo, akafunga duka, akavuka na familia yake kwenda Uganda. Walihitaji mtu anayeweza kufufua chuma. Wakasema ni wiki moja tu. Waliongea naye vizuri, hata mkono hawakumfunga. Mtoto alisimama mlangoni akamwambia, “Chauffeur, urudi mbio,” naye akampigia saluti.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, tena kwa hasira, na hasira haijalipunguza. Tungemlipa yule fundi, askari wangetunyang'anya pikipiki na kutuachia mtu.

Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Kila lori la mawese lililotoka Beni nililifuata kuuliza. Dereva mmoja alisema amemwona Mavivi, amekonda, amezungukwa na pikipiki, yuko mzima. Wakati huo ile ya kwetu ilikuwa imesimama chumbani. Nilimwomba shemeji airudishe katika hali ya kawaida, yaani gesi kama gesi, breki kama breki. Akaifungua, akakaa akiitazama, akaifunga. Kila kipande cha mti kilishika kingine. Akitoa kimoja hajui kitaanguka kipi, na vya kubadilishia hakuna, duka la fundi limefungwa. “Yaya iko karibu kurudi,” aliniambia. “Nikiiharibu, atanichinja.” Sote tulikuwa tunaamini kwamba yuko karibu kurudi.

Shemeji alijaribu kuiendesha hivyo hivyo ilivyo. Iliwaka mara ya tatu, akaenda nayo hatua chache, mkono wake uliozoea kupunguza ukaongeza, akaangukia ukuta wa kanisa la Waprotestanti. Nikajaribu mimi mwenyewe, mwanamke ambaye hata baiskeli sijaipanda, nimefunga kitenge kiunoni, majirani wanachungulia na kusema vita vimenipanda kichwani. Niliisukuma mteremkoni, nikakimbia, nikaruka kama nilivyomwona yeye anaruka. Haikuwaka. Ikanilalia mguuni. Siku ya pili iliwaka, na ilipoanguka bomba la moshi liliniunguza mguu, kovu liko mpaka leo. Nikaacha. Mtoto alikuwa mzima, anakula vizuri, nikasema Mungu anatuchunga mpaka baba arudi.

Ugonjwa ulimshika mchana, mvua imeanza. Alikuwa anachambua maharagwe na mimi, akasema amechoka, akalala juu ya mkeka, na nilipomgeuza viganja vilikuwa vyeupe kama karatasi. Nikapiga kelele. Wanaume wa mtaa walikwishakimbia tangu asubuhi, maana askari walikuwa wameonekana wakipanda upande wetu. Shemeji pia alikimbia pamoja nao. Simlaumu, kijana kama yule ndiye waliyekuwa wanamtaka. Nilitoka mvuani nikaita tena. Nilikuwa na pikipiki nyumbani, mafuta ndani yake, kiti kilichopimwa kwa mwili wa mtoto yule yule, na hakuna mkono wa kuiendesha.

Waliokuja ni wanawake. Kwetu mwanamke habebi kipoyi. Anafuata nyuma na sufuria na blanketi. Aliyeanza ni mama jirani, Mprotestanti, ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya kuku. Alitokea na miti miwili ya kuanikia nguo, akavua kitenge chake cha juu, akaanza kufunga mafundo bila kuniuliza kitu. Mwingine akaja, na mwingine. Mmoja alikuwa na mimba, tukamkataza, akabeba blanketi.

Tukashuka. Wanaume wana nyimbo zao za kipoyi zinazowapa hatua. Sisi hatukuzijua, hatua zikawa zinagongana, huyu anavuta, yule anasita, na barabara ilikuwa inateleza mpaka tukavua viatu vyote. Tulianguka. Hatukumwangusha yeye, lakini tulianguka, magoti chini, miti bado mabegani. Nilikuwa natembea pembeni nimemshika mkono na kumfunika uso mvua isimpige.

“Mama,” akasema, “juu ya nini hatupande pikipiki yangu?”

“Papa anakuja nayo,” nikamwambia. “Atatukuta mbele.”

Akakubali. Alikuwa anatuamini sana.

Tulivuka daraja. Kwenye mpando, mkono niliokuwa nimeushika ulibadilika. Aliyewahi kuushika mkono wa namna hiyo anajua ninachosema. Sikuwaambia wenzangu. Mama jirani alikuwa analia kwa uchovu na bado anapandisha bega, tope limemfika mapajani, na nilijua nikisema watamweka chini pale pale barabarani, kwenye majani, kama yule bibi. Mimi nilikuwa nimemwahidi hospitali. Basi tukapanda mpaka juu. Daktari alimfunua, akamtazama, akamfunika tena taratibu, akaniuliza baba yake yuko wapi.

Tulimzika bila baba yake. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa, malori hayapiti. Mtu mmoja alisema anaweza kupeleka habari Mavivi kupitia kwa askari. Nilimfukuza. Habari ya mtoto wangu haikuwa ya kupita mdomoni mwa watu wale. Nilikaa nayo mwenyewe, na kila asubuhi nilikuwa namchukia mume wangu kabla sijatoka kitandani, na kila jioni nilikuwa naomba wasimuue. Vyote viwili vilikuwa kweli, na vilinichosha.

Alirudi msimu wa jua. Askari wa Mavivi walikuwa wanapokezana na wengine, na katika vurugu ile hakuna aliyekumbuka kumhesabu. Nilikuwa mlangoni napima mawese. Nikasikia pikipiki inapanda, sauti safi, haikohoi, nikataka kuingia ndani nikidhani ni wao. Kumbe ni yeye, amekonda, ndevu zimeota ovyo, juu ya pikipiki nyekundu. Alishuka, akaizima, akaiwasha tena kwa pedali, mguu una kandambili, pap, ikawaka. Alifanya hivyo ili nione. Alikuwa anacheka.

“Ona, mama,” akasema hata kabla ya kunisalimia. “Hii niliifanya kawaida. Gesi kwa nyuma, breki ya muguu, pedali. Kule nilikuwa nawaza ile neno uliniuliza. Siku mimi siko, weye mwenyewe utamubeba. Mutu yote anaweza endesha hii.” Akapiga kiti kwa kiganja. Alikuwa amekichonga kama kile cha kwanza, na egemeo lake, na ule mbonyeo katikati, ila kirefu zaidi. “Nimeongeza kidogo,” akasema, “juu mutoto atakuwa amekomaa.” Halafu akageukia mlango na kumwita mtoto, “Mukubwa! Chauffeur amefika.”

Jinsi nilivyomwambia sitaandika.

Siku za kilio chake zilipita. Asubuhi moja alinitoa nje, akaisukuma ile nyekundu mpaka kiwanja cha shule, akaniambia nipande. Nikamwambia sitaki, ni ya nini sasa. “Panda,” akasema. Akakimbia pembeni yangu ameshika kiti, ananiambia klachi, gesi, achilia polepole, sasa breki, sasa gia ya pili. Kabla ya saa ya chakula cha mchana nilikuwa naiendesha peke yangu. Nilienda mpaka mwisho wa kiwanja nikageuza, nikaenda tena nikageuza, na kila nilipogeuza nilimwona amekaa kwenye majani, uso ameuficha katikati ya magoti.